KoboCollect kwenye matope ya Rufiji: nyota nne, ya tano nimejinyima mwenyewe

Naandika hii kwa sababu wiki hii tu watu watatu wameniuliza "dada, ile apu mliyotumia Rufiji ikoje, inafaa?" na kila mmoja nimemjibu kwa voisi ya dakika saba ambayo nina uhakika hamna aliyeisikiliza mpaka mwisho. Basi nimekaa naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Inaitwa KoboCollect, ni apu ya kujazia fomu za utafiti kwenye simu au kishikwambi. Ipo Play Store, ya bure, haina matangazo, haikuombi namba ya kadi. Mi sio mtu wa kompyuta, mi ni mdadisi, yaani yule anayekuja kwako na kishikwambi saa nne asubuhi ukiwa unaosha vyombo anakuuliza choo chako cha shimo au cha kuvuta maji. Nimefanya kazi za karatasi, nimefanya za vishikwambi, nimefanya moja ya kupiga simu ambayo sitaki hata kuikumbuka, na hii ya Rufiji ndo ilikuwa ya kwanza kwangu kufanya baada ya maafa, watu bado wana tope ukutani.

Kwa wasiokumbuka, 2024 mvua za El Niño zilitupiga vibaya, tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alisimama bungeni akasema watu 155 wamefariki nchi nzima, kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika, watu zaidi ya 200,000. Rufiji na Kibiti mto ulipanda ukala bonde lote, mpunga, mahindi, nyumba, zahanati zikazungukwa na maji, watu wanapita kwa mtumbwi mahali walipokuwa wanapita na bodaboda. Bwawa la Mwalimu Nyerere nalo lilikuwa linaachia maji, na mpaka leo ukikaa kijiweni Ikwiriri utasikia wanabishana yapi yalikuwa ya mvua na yapi ya bwawa, mi huko siingii. Alafu maji hayajakauka vizuri, tarehe 4 Mei kikaja kimbunga Hidaya upande wa Mafia na kusini, barabara ya Lindi ikakatika Somanga. Sisi tumefika Juni. Maji yalishashuka, limebaki tope linalonuka na mbu wa kutosha mkoa mzima.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuliza nani amefariki tangu maji yaanze, nani kaharisha, nani kapata homa na alipimwa wapi, chandarua kipo au kilienda na maji, wenye presha na kisukari na wanaotumia ARV walipataje dawa kipindi kile, watoto wanakula nini, na mwisho maswali ya moyo, usingizi unakuja, una hamu ya kula, vitu vya hivo.

Sasa apu.

Kitu cha kwanza cha kuipenda ni kwamba haijali mtandao. Fomu unaipakua mara moja ukiwa guest unashika waifai, ukiingia kijijini unajaza zako bila bando, zinakaa ndani ya kishikwambi zinakusubiri, jioni ukipata minara unabonyeza mara moja zote zinaenda seva. Kijiji kimoja mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu tu, nyuma ya ofisi ya kijiji, kwa hiyo kila siku saa kumi na moja unakuta wadadisi wanane tumepanga foleni kupanda kichuguu mmoja mmoja mikono juu kama tunaomba mvua nyingine, watoto wanatucheka. Ila hatukupoteza fomu hata moja kwa sababu ya mtandao. Nimefanya kazi na apu nyingine, jina naliacha, ilikuwa ikikosa mtandao katikati ya fomu inakurudisha swali la kwanza. Hebu fikiria umemuuliza mtu habari za msiba alafu unamwambia "samahani mama, tuanze upya".

GPS nayo haihitaji bando, hili wengi hawajui, inasoma setelaiti. Unatoka nje ya nyumba, unasimama penye uwazi, namba inashuka kidogokidogo mita 30, 18, 9, ikifika mita 5 inachukua yenyewe. Ukiwa chini ya bati au ndani ya hema inakuchelewesha mpaka ukate tamaa. Kwenye mafuriko GPS ni muhimu kuliko kawaida kwa sababu namba za nyumba hazipo, nyumba zenyewe nyingine hazipo, unaelekezwa "palikuwa na mnazi hapa" na mnazi umeondoka.

Historia yake pia imenifurahisha. Hawa Kobo walianzia Kaskazini mwa Uganda, kwenye tafiti za watu waliopitia vita, na jina lenyewe ni neno la Kiacholi, maana yake kuhamisha. Walioianzisha ni watafiti wawili, Phuong Pham na Patrick Vinck, na apu ya simu imejengwa juu ya ODK (Open Data Kit, nayo ni ya kukusanya data kwa simu), iliyoanza 2008 Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani. Kwa hiyo mtu aliyewahi kutumia ODK akishika Kobo atajiona yupo nyumbani. Kwa kifupi hiki ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya vumbi, sio kwa ajili ya ofisi yenye kiyoyozi, na inaonekana.

Matatizo sasa, maana najua ndo mnayosubiri.

Pawabenki. Nilinunua Kariakoo kwenye duka ambalo silitaji, imeandikwa mAh elfu ishirini mgongoni kwa herufi kubwa za dhahabu, muuzaji akaniapia. Siku ya pili ilikuwa inachaji kishikwambi kimoja mara moja na nusu alafu inalala. Ushauri wangu tafuteni sola ndogo au muelewane na mwenye duka la kuchajia simu kijijini, yupo kila kijiji, mlipe yule, mnakuwa mmemwachia na hela.

Tarehe. Hili liliniumiza kichwa usiku mzima. Kishikwambi cha mwenzetu mmoja kilizima kabisa kama siku mbili, kilipowaka saa yake ilikuwa imerudi nyuma Januari ya 2015, na yeye hakuangalia, akapiga kazi siku nzima. Apu inachukua tarehe kwenye kifaa yenyewe, haikuulizi. Jioni msimamizi anafungua seva anakuta kuna kaya zimehojiwa kuhusu mafuriko miaka tisa kabla ya mafuriko. Tulicheka kwanza, baadae tukaacha kucheka. Tulikomboa kwa sababu kila mdadisi alikuwa na daftari la kaunta anaandika namba ya kaya, tarehe na saa kwa kalamu. Hilo daftari ni shilingi elfu mbili na halihitaji chaji. Bebeni.

Na usiifute apu ukidhani unairekebisha! Ikigoma, usiende kwenye mipangilio ukafuta data zake, fomu ambazo hujatuma zinaondoka zote na hamna seva ya kukusaidia. Hii haijanikuta mimi, ila nimemwona mtu mzima akilia.

Haya, sasa niseme kwanini nimetoa nne na sio tano, na hii sio kosa la Kobo hata kidogo.

Kobo inafanya kuongeza swali kuwa rahisi mno. Enzi za karatasi ukiongeza maswali kumi unaongeza kurasa mbili, unaongeza hela ya fotokopi, mtu atauliza kwanini. Kwenye hii fomu unaiandika kwenye Excel alafu unaipandisha seva, kwa hiyo unafungua Excel, unaandika mstari mmoja, umemaliza, haugharimu kitu. Basi ile fomu yetu ilianza na maswali 40. Mtu wa lishe akaongeza yake, mtu wa malaria yake, mtu wa maji na vyoo yake, mwingine hata sijui alikuwa mtu wa nini akaweka maswali ya umiliki wa redio na baiskeli, mwisho ikafika 112. Na aliyeziingiza zote kwenye Excel ni mimi, kwa sababu nilishajisifia kwenye kikao kwamba naijua. Na kwenye ile kolamu ya kuamua swali gani ni la lazima na lipi linaruka, nikashika "ndiyo" nikaivuta mpaka chini. Maswali yote 112 lazima. Nikaona nimefanya jambo la maana, data haitakuwa na mapengo.

Kaya yangu ya nne siku ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja, kakaa kwenye mkeka chini ya mkorosho, anachambua mchele uliopata unyevu, anatenga punje zilizogeuka rangi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu, kaa huku, huko pana siafu." Akaangalia kishikwambi. "Hii ndo ile ya unga?"

Nikamwambia hapana bibi, hii sio ya msaada, ni utafiti, ukikubali au ukikataa haibadilishi unga wako. Nikamsomea karatasi ya ridhaa yote, akasikiliza kwa adabu, akasema sawa, alafu akauliza taratibu, "ila majina mnapeleka wapi?" Hapo ndo nilijua hajaamini. Na sio yeye tu. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaandikishwa na watu wa kila aina, wenye vizibao, wenye fulana za rangi zote, wengine kweli walirudi na magodoro, wengine hawakurudi. Mtu mwenye kishikwambi ni mtu wa kuandika majina, na majina maana yake ni unga. Jirani wa pili alinitajia watoto saba na niliowaona ni wanne, watatu walikuwa wa shemeji yake wa kitongoji kingine, wameitwa mbio waje wahesabiwe. Ningekuwa mimi ningefanya hivohivo.

Tukafika swali la 41. Kuna mtu aliyekuwa anaishi hapa kabla ya maji amefariki? Akasema mzee. Mumewe. Apu ikafungua maswali mapya yenyewe, ndo uzuri wake, inajua ikijibiwa ndiyo iende wapi. Umri. Jinsia. Tarehe ya kifo.

Bibi hakujua tarehe. Nikataka kuruka. Kikaja kile kimaandishi kwamba jibu hili linahitajika. Nikatelezesha tena, kikaja tena. Nimekaa mbele ya mjane nabishana na kioo. Yeye anaona nahangaika akafikiri kosa ni lake, akaanza kuomba samahani. Akasema, "andika tu yoyote mjukuu wangu, usipate tabu."

Nikatoa daftari, tukaanza kuhesabu kwa njia ya zamani. Ilikuwa kabla ya Idi au baada? Kabla. Mwezi ulikuwa umeshaingia? Ndiyo, tulikuwa tumefunga. Maji yalikuwa yameshaingia ndani? Ndiyo, tulikuwa tumeshahamia shuleni. Siku ngapi kabla ya Idi? Akafikiri. Tatu, kwa sababu watu wa kuchimba kaburi walisema wana kiu. Idi ilikuwa Jumatano tarehe 10 Aprili, basi nikaandika tarehe 7. Hii inaitwa kalenda ya matukio, wadadisi wa zamani wanaijua, unakaa na wazee kabla ya kazi kuanza mnaorodhesha mambo ambayo kila mtu anayakumbuka, mfungo ulianza lini, Idi, siku maji yalipofika sokoni, siku ya Hidaya, na kila kijiji kinakuwa na yake. Sisi hatukuwa tumeitengeneza. Tulikuwa na kishikwambi.

Swali linalofuata, sababu ya kifo, chagua moja: kuzama, ajali, kuharisha, malaria, nyingine.

"Mzee hakufa na maji," bibi akasema. "Maji yalichukua dawa."

Alikuwa na presha, miaka mingi. Dawa zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, kabati likaanguka. Barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa na maji, mtumbwi ulikuwa unataka hela ambayo hawana, wiki ya pili upande mmoja ukalegea, ya tatu wakamzika. Nikabonyeza "nyingine". Alafu chini kabisa ya fomu kulikuwa na kisanduku cha maoni ya mdadisi ambacho huwa hakijazwi, nikaandika habari yote kama nilivyoisikia.

Usiku ule guest sikulala vizuri, na ndo nikakumbuka kitu tulichofundishwa darasani nikakisikia kama hadithi tu. Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, na serikali kwa miezi ikashikilia kwamba waliokufa ni 64. Watafiti wa Harvard na wenzao wakaenda nyumba kwa nyumba mwanzoni mwa 2018, kaya 3,299, wakauliza maswali machache tu, nani alikuwa anaishi hapa, nani hayupo, ilikuwaje. Makadirio yao yakatoka vifo 4,645 vya ziada, ingawa wenyewe walisema inaweza kuwa kuanzia 793 mpaka 8,498, ni mtawanyiko mkubwa sana na watu waliwashambulia kwa hilo, lakini kila upande ulikuwa juu ya 64. Na karibu theluthi moja ya vifo vile watu walisema ni huduma iliyokatika, dawa haipatikani, umeme wa mashine hakuna, barabara haipitiki. Baadae Chuo Kikuu cha George Washington wakahesabu kwa njia nyingine kupitia vyeti vya vifo, wakapata 2,975, na Agosti 2018 serikali ya kule ikakubali hiyo namba. Yaani kutoka 64. Na katikati humo walikuwemo akina mzee wa bibi yangu. Na mimi fomu yangu inawaweka "nyingine" pamoja na aliyeng'atwa na nyoka.

Kesho yake asubuhi niliomba kikao kabla ya chai. Uzuri wa Kobo hapa nausema, tulirekebisha fomu ndani ya saa moja, tukaongeza jibu la "alikosa dawa au huduma", tukatoa ulazima kwenye maswali ya msiba na kuweka "hakumbuki" na "hataki kusema", tukapandisha seva, kila mtu akapakua toleo jipya pale pale mezani na chapati mkononi. Ingekuwa karatasi tungerudi Dar kuchapa. Kuhusu kupunguza maswali ilikuwa ugomvi mwingine, kila mtu anataka ya mwenzake yatoke, tukaambulia kuondoa redio na baiskeli.

Mtu anaweza kuuliza tarehe na idadi zinakusaidia nini wakati watu wanataka unga. Jibu ni hesabu ndogo. Ukifuatilia watu 2,000 kwa siku 90 ukakuta vifo 18, hiyo ni kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku, na hapo ndo mstari ambao watu wa dharura dunia nzima wanautumia kusema hali ni mbaya, kwa watoto chini ya miaka mitano mstari ni 2. Bila tarehe hujui kifo kipo ndani ya zile siku 90 au nje. Na bila kujua watu walikuwa wangapi kabla, hujui unagawanya kwa ngapi. Rufiji kwa hili ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina, tangu 1998 watafiti wa afya, wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara, walianza kufuatilia kaya za pale, nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, wakawa wanarudi miaka na miaka. Wazee wengine wa kule wanajibu maswali ya kaya kabla hujauliza. Sisi kule tulikopita orodha za vitongoji tulizokabidhiwa zilikuwa na nyumba ambazo sasa ni mto, tukabaki kuchora ramani mchangani na mwenyekiti wa kitongoji na kugawa vipande.

Wapo pia wanaosema wakati wa maafa utafiti ungoje, watu watibiwe kwanza. Siwabishii sana, ila wakumbuke Kivu Kaskazini kule Kongo, Beni na Butembo, Ebola ya 2018, risasi zinalia na watu wanachoma vituo, timu ya Profesa Muyembe na wenzao walijaribu dawa nne kwa wagonjwa 681 palepale, mbili zikaonekana zinaokoa kuliko nyingine na Agosti 2019 wakaacha zilizoshindwa. Wangengoja amani wangejua lini?

Turudi kwenye apu. Kuna kamstari unaweza kukaongeza kwenye Excel, apu inaanza kurekodi mdadisi katumia sekunde ngapi kwenye kila swali. Hii imefukuzisha watu kazi. Kila mdadisi anajua data za chini ya mwembe, unakaa kivulini unajaza kaya tano kichwani unaenda kunywa soda. Kwa kurekodi huku msimamizi anaona maswali ya kaya nzima yamejibiwa kwa dakika nne, kwisha habari yako. Naunga mkono, ila wasimamizi nao wajiulize mtu anapika data kwanini, maana fomu ya maswali 112 juani mara nane kwa siku inamtafuta kila mtu aipike.

Maswali ya moyo ni kundi lake. Yale tisa yanayoulizwa sana kupima sonona (PHQ-9), la tisa ni kama ndani ya wiki mbili zilizopita umewaza ni heri ufe. Msiliweke kwenye fomu kama hamna namba ya simu ya mtu wa ustawi wa jamii au kituo cha afya ambaye mmeshaongea nae na anajua mtampigia. Apu haitakukataza. Inakupa majibu ya kuchagua, unabonyeza, inakuletea swali la vyandarua.

Usiri. Mkiwa na GPS ya nyumba, na mwenye nyumba kasema anatumia ARV, mmeshika kitu kizito. Nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo. Kobo inaruhusu kufunga fomu zilizokamilishwa kwa ufunguo ili hata kishikwambi kikiibiwa asisome mtu, ila ufunguo ukipotea na nyie hamsomi tena milele, kwa hiyo utunzeni sehemu mbili. Kwetu kosa lilikuwa la kijinga zaidi, mtu alipiga picha kioo cha fomu inayosumbua akairusha kwenye grupu la WhatsApp aulize, na jina la mhojiwa linasomeka. Apu ifanye nini hapo.

Vibali siongelei sana, mnajua, kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), barua ya mkoa, ya mkurugenzi wa wilaya, DMO (mganga mkuu wa wilaya), mtendaji wa kata, wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji ambaye barua haimhusu anataka kukuona sura. Maji hayangoji barua, kwa hiyo wenye akili wanaandika andiko lao mapema kabla ya msimu wa mvua, wanaacha nafasi ya jina la wilaya.

Na kidogo kuhusu ule utepe wa kupima unene wa mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo, sababu mmoja aliniulizia. Nyota tano. Kijani sawa, njano angalia, chini ya sentimita 11.5 nyekundu mpeleke kituoni leo. Hauzimi, hauna toleo jipya, mama anaelewa rangi kabla hujafungua mdomo.

Agosti tulirudi na matokeo, karatasi moja ya A4 ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji, herufi kubwa, Kiswahili. Kabla ya hapo tulikaa siku mbili kusoma visanduku vyote vya maoni na kuwahamisha waliowekwa "nyingine" kimakosa. Nilipita kwa bibi nikamwonyesha nakala. Hasomi, akaniambia nimwekee kidole kwenye mstari wa mzee. Nikaweka, pale penye kukosa dawa au huduma. Akauangalia.

"Mmeandika na dawa yenyewe? Ilikuwa ile nyeupe ndogo, nusu asubuhi nusu jioni."

Nikamwambia jina la dawa hatukuuliza. Akasema basi mngeuliza hilo, mkaacha la choo, choo si mmekiona.

Kwa hiyo KoboCollect, nyota nne, pakueni, haina mpinzani kwa bei ya bure. Fomu yangu mpya ina maswali 31, inaisha dakika kumi na nne kwa mtu asiye na msiba, na swali la dawa lipo. Anayeitaka Excel yake aje inboksi nimtumie, ila ukishaipata usiniongezee swali.